Ulimi wa Kuazima

Siku tuliyoshuka kutoka Ukinga
nilibeba kigoda chake kichwani na lugha mbili mdomoni.
Nilidhani kigoda ndicho kizito.
Nyuma yetu majembe arobaini, yangali na harufu ya tanuru;
chini yetu bonde la Usangu, jeupe kwa jua,
na ng'ombe wengi hata Nyalusi, binti wa mtemi, akaniuliza
kama ardhi ile ina upele.

Yeye kumi na sita, mimi kumi na minne,
mtoto wa mateka. Mama yangu alitekwa bonde hilo hilo,
na maneno yake yalikuwa bado yamenikwama kooni.
Ndiyo sababu nikachaguliwa.

Mgandilwa alitupokea ameketi,
samli ikimtiririka begani.
Nyalusi akasema, "Mwambie ananuka kama ndama aliyelowa."
Nikasema, "Bibi anasifu mifugo yako."
Mtemi akasema, "Mbona mfupi hivi? Warefu baba yake kawaficha?"
Nikasema, "Anauliza kama miguu inakuuma."
"Inaniuma," akajibu,
na hapo sikuwa na la kubadili.
Mtemi akaagiza maji ya uvuguvugu.
Ndoa yao ilianzia hapo, ndani ya chungu cha uongo wangu.

Bondeni wakaniita Lulimi.
Nilitafsiri posho, wivu, homa ya kwanza,
mtoto wa kwanza.
Mtoto aliyezikwa kabla ya jina, siku ile
hakuna aliyesema neno, nami nikapumzika.
Akililia ukungu, nilimwambia mume wake
bibi anataka nyumba mahali pa juu.
Akajengewa juu ya kichuguu.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Ukaja mwaka wa nzige.
Ghala zikapigwa ufagio, na wazee wakakumbuka
kwamba kule milimani ulezi umejaa vihenge.
Mikuki ikashushwa darini.
Nyalusi alikuwa nyuma ya kiambaza, akimenya kunde.
Nilimwona anainuka. Nikalamba midomo, nikajiandaa.
Akanifunika mdomo kwa kiganja
chenye harufu ya maganda mabichi,
akasema mwenyewe, kwa Kisangu cha wachunga ndama,
maana kwao ndiko alikojifunza, pamoja na matusi yao:
"Mgandilwa, jembe lililochimba kaburi la baba yako
lilitoka kwa nani?"

Mbwa mmoja alijikuna. Nilimsikia.
Mikuki ikarudi darini; sisemi ilikaa huko daima.
Mtemi aliniuliza mimi, hakumuuliza yeye:
"Tangu lini anaelewa?"
"Tangu mtoto wa pili," akajibu Nyalusi,
kisha akanigeukia kwa lugha yetu:
"Na ile ya miguu alishanisimulia mwenyewe. Usiniombe radhi."

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Nikafuga kuku.
Walizungumza wenyewe, wakagombana wenyewe,
na niseme kweli, waligombana zaidi.

Alifariki masika, maji yamefika vizingitini.
Lugha ya bondeni ilimtoka kwanza,
ikavuliwa kama nguo ya jirani.
Wanawe, wanaume wenye ndevu, wakanijia mbio:
"Lulimi, mama anasema nini?"
Alikuwa akisema Lwasita. Lwasita tu.
Kijito nyuma ya nyumba ya mama yake;
ukitia mguu, baridi inakung'ata mpaka gotini.
Ningeweza kusema anawabariki. Midomo ilikuwa tayari.
Nikasema, "Ni maji."

Wakaleta maji ya bondeni,
ya uvuguvugu.
Akanywa yote,
akanitazama kama mtu aliyeliona kosa
na kuliacha lipite.